Pikipiki za Kijapani za zamani: zinatuvutia kwa nini, na je, niinunue DT175 hii?

Mkaa Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa kuwa nyumbani nimekwisha kuambiwa kwamba nimerogwa na chuma.

Wiki iliyopita nilikuwa Mtwara mjini kununua mabati, na katika kupita uchochoro mmoja wa Chikongola nikaiona Yamaha DT175 imeegemezwa kwenye mwembe, kuku wawili wamelala juu ya kiti chake. Tanki ni jeupe, rangi imechubuka pale ambapo magoti ya waendeshaji yamekuwa yakisugua kwa miaka, na kwenye madigadi ya nyuma, chini ya rangi nyeusi iliyopakwa kwa brashi, bado zinasomeka herufi DFP, za vyombo vya miradi ya wafadhili. Mwenye nayo anasema kwamba ilikuwa ya mradi, ikauzwa mnadani, ikapita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia yeye, na haijawashwa tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi. Anataka laki tisa.

Shida ya usafiri sina. Ninayo pikipiki ya Kichina ya cc 125 inayonifikisha shambani Nanguruwe na kunirudisha, na spea zake zinauzwa hata kwenye duka la sukari na sabuni. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa nikikesha kwenye simu nikitazama matangazo ya pikipiki za zamani zinazouzwa Japani: moja ina silinda sita zilizopangwa kama meno, nyingine hukunjwa ikaingia kwenye buti ya gari, nyingine haina pistoni kabisa. Ninajua kwamba sitazinunua, lakini nazitazama tu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba ni kitu gani hasa kinachotuvuta katika vyombo hivi, wakati vipya vipo na vinaenda? La pili ni kwamba hiyo DT niinunue au niiachie kuku?

Fundi wa Masasi

Kaka, nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndilo lenye fedha ndani yake.

DT175 ni ya mapigo mawili, yaani ile tunayoiita ya kuchoma oili, na injini ya namna hiyo ina wema mmoja kwa mnunuzi: haiwezi kuficha aibu yake. Ifungue ekzosi pale inapoungana na silinda, mulika tundu hilo kwa tochi ya simu, kisha sukuma kiki taratibu kwa mkono. Utaiona pistoni yenyewe ikipanda na kushuka mbele ya macho yako, jambo ambalo kwa pikipiki yako ya Kichina huwezi kulifanya mpaka uvunje injini. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima ubavuni mwake, ujue imewahi kukwama, ama kwa kukosa oili ama kwa joto, na silinda itataka kuchimbwa na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu. Saizi hupanda kwa robo ya milimita: 0.25, 0.50, 0.75, na 1.00. Muulize mwenyewe imefika ipi. Kama imekwisha kufika ya mwisho, hapo utakuwa umenunua kiti na tanki tu.

Baada ya hapo fungua kava la upande wa kushoto, shika gurudumu la magneti kwa mikono miwili, ujaribu kulipandisha na kulishusha. Likicheza, hata kidogo cha kuhisiwa na vidole tu, beringi za krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwisha, na kuigawa injini ya aina hiyo nusu kwa nusu si kazi ya chini ya mwembe. Ikiwaka, utazame moshi wake. Ule wa bluu kidogo ni wa kawaida, ndiyo oili inayoungua. Lakini moshi mweupe mzito usiokoma, huku oili ya gia ikipungua bila kuvuja popote, maana yake sili ya upande wa klachi imekufa na injini inainywa oili ya gia. Sili ya upande wa magneti ikifa ni mbaya zaidi, kwa sababu haikuonyeshi kitu: inaingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na siku moja ukiwa katikati ya Mtwara na Masasi pistoni inaganda.

Jambo la mwisho ni ile pampu ndogo ya oili. Yamaha walianza kuitumia mwaka 1964, wakaiita Autolube, ili mtu aweke petroli peke yake na oili kwenye kitanki chake, pampu ichanganye yenyewe. Ikikaa kavu hushika hewa, nayo hewa hiyo ni lazima itolewe. Mpaka uhakikishe kwamba inafanya kazi, changanya oili ndani ya tanki kwa mkono, nusu lita kwa lita kumi za petroli. Moshi utakuwa mwingi na majirani watasema, lakini pistoni itapona.

Kuhusu mvuto, nitakwambia kile ninachokiona mimi kila siku karakana. Hiyo pikipiki ya Kichina unayoidharau kidogo, kama ni ya ukoo ule wa fimbo za valvu, ni mjukuu wa Honda CG125. Walipokwenda katika nchi kama zetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa Honda walikuta wateja wasiobadilisha oili kwa wakati, wasiokaza cheni, na wanaopakia mzigo ambao hakuna mchoro uliowahi kuufikiria. Wangeweza kuandika kitabu cha maonyo. Badala yake waliishusha chini kamshafti, chuma kinachozifungua valvu, nazo valvu zikasukumwa na fimbo, kwa kuwa kamshafti ikikaa juu ndiyo inayoumia ya kwanza oili inapochakaa, na cheni wakaifungia ndani ya kasha ili mchanga usiifikie. Mwaka 1976 ikaanza kuundwa Brazili, Wachina wakaiiga, na leo ukimwomba muuza spea kifaa cha CG anajua unachotaka hata kama hajawahi kuiona Honda yenyewe. Mimi ndicho kinachonivuta: kuona mtu wa mbali alinifikiria mimi na uvivu wangu kabla sijazaliwa.

Bwana Shamba Mstaafu, Lindi

Marahaba kijana wangu, na wewe fundi nakupongeza kwa maelezo.

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Yamaha AG100, na herufi hizo mbili zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Haikuwa nzuri kwa sura. Ilikuwa na keria mbele na nyuma, kasha la cheni lililofungwa pande zote, vyuma vya kukinga mikono, na stendi mbili za ubavuni, moja kushoto na moja kulia, ambazo nilidhani ni upotevu wa chuma. Niliendelea kudhani hivyo hadi siku niliposimama kwenye mteremko wa Newala, si mbali na Shimo la Mungu, nikiwa na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kwenye keria ya nyuma. Nilitegemeza stendi ya kushoto kwa mazoea, upande wa bondeni, na kabla sijageuka vizuri pikipiki ikalala, mfuko ukapasuka, na mimi nikarudi kwa wakulima nikiwa wa njano kuanzia kiunoni hadi viatuni. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, ile nyingine waliweka ya nini?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba katika mashine za Wajapani wa zamani kila kipande kiliwekwa ili kumwokoa mtu fulani na balaa fulani, na raha ya mwenye nayo ni kuligundua balaa lenyewe, ikiwezekana bila kupinduka. Chukueni Super Cub ya mwaka 1958. Soichiro Honda na mshirika wake wa biashara, Takeo Fujisawa, walitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi za soba majumbani angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Ndiyo maana haina klachi ya mkononi. Na kwa kuwa katikati iko wazi, hapa Lindi nilimfahamu maalimu mmoja aliyeipanda akiwa amevaa kanzu bila kuikunja, akaenda madrasa na kurudi kwa miaka mingi, kanzu nyeupe vilevile, kwa sababu ngao ya miguu ilizuia tope. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo.

Mniruhusu neno moja la pembeni. Baada ya vita vya pili vya dunia, Honda huyo alianza kwa kufunga vijiinjini kwenye baiskeli, na Wajapani wakaziita bata-bata, kwa mlio wake, kama vile wazee wetu walivyosikia piki-piki. Tungesikia kwa masikio yao, leo vijana wetu wangekuwa wanaendesha bata stendi.

Na wale wanaowacheka Wachina kwa kuiga wakumbuke kwamba pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, iliyopewa jina la kereng'ende mwekundu kwa rangi na wembamba wake, ilifuata mchoro wa DKW ya Kijerumani. Kuiga kwenyewe si tatizo. Tofauti yao ni kwamba waliiga kisha wakaendelea kuuliza maswali, hata mwaka 1968 ikatoka DT-1, baba wa hiyo unayoitamani, pikipiki moja ya kwenda barabarani na porini kwa tairi zilezile.

Kuhusu kuinunua, nauliza jambo moja tu: unayo kadi yake?

Dada wa Forodha, Mtwara

Shikamoo mzee. Swali la kadi umelitangulia, na ndilo hasa nililotaka kuanza nalo. Kaka, namba ya fremu na namba ya injini zisome wewe mwenyewe kwenye chuma, usizisome kwenye karatasi ya muuzaji. Chombo kilichouzwa mnadani kikapita mikono mitatu mara nyingi kinabaki na jina la mtu wa kwanza, na huyo wa kwanza siku ukimhitaji atakuwa amehamia Songea.

Sasa naona kwamba hakuna aliyemjibu kuhusu zile za ajabu anazozitazama usiku, na mimi nazitazama pia, kwa hiyo nitasema. Nyingi zimezaliwa na sheria. Japani waligawa leseni za pikipiki katika miaka ya 1970, na mpaka wa daraja la kati ukawekwa cc 400. Honda walikuwa na pikipiki nzuri ya silinda nne, CB400 Four, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa cc 408, kwa hiyo mwaka 1976 wakatoa ya cc 398 kwa ajili ya watu wao, wakati nje iliendelea kuuzwa ileile ya 408. Kuna mpaka mwingine chini ya huo: pikipiki isiyozidi cc 250 haidaiwi ule ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara ambao ni ghali. Mtu wa Tokyo akitaka kukwepa gharama lakini hataki kuonekana mnyonge, kampuni zikamwundia cc 250 zenye silinda nne, kila silinda ndogo kama kikombe cha kahawa. Kawasaki ZXR250 mstari wake mwekundu, yaani kikomo cha kasi ya injini, uko kwenye mizunguko 19,000 kwa dakika. Bodaboda zetu hazifiki hata 10,000.

Hiyo isiyo na pistoni ni Suzuki RE5 ya mwaka 1974, yenye injini ya Wankel, ambayo badala ya pistoni ina rota ya pembe tatu inayozunguka. Ilitoka wakati mbaya, mafuta yamepanda bei duniani tangu mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa na kiu, kwa hiyo haikufika mbali. Baada ya miaka miwili wakaacha kuiunda. Ya silinda sita, kama ni Honda, ni CBX ya mwaka 1978, cc 1,047, na ina kabureta sita. Ndugu zangu, sita! Hebu ifikirieni barabara ya Kitaya, petroli ya kwenye chupa za maji ya kunywa yenye vumbi limekaa chini kama machicha ya nazi, na kabureta sita zenye matundu yasiyopita sindano. Fundi wetu wa Masasi angeoa mke wa pili kwa kazi hiyo moja.

Na ile inayokunjwa ni Honda Motocompo ya mwaka 1981, cc 49, iliyobuniwa iingie nyuma ya gari dogo la Honda City lililotoka nalo pamoja. Kiti kinazama ndani, usukani unalala, inabaki sanduku lenye magurudumu la kilo 45 hivi. Hiyo ndiyo ningeinunua mimi, na ndiyo maana sinunui: kodi hapa hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na nauli ya meli na bima, kisha juu yake inakuja VAT ya asilimia 18. Kitu cha bei ndogo kinachosafiri mbali kinatozwa kodi kwa safari yake. Mara nyingi kitashukia Dar es Salaam, na kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500 za kukisafirisha au kukiendesha, na anayependa kuendesha cc 49 kupitia Nangurukuru na Somanga namtakia heri. Anayetaka kuagiza aombe hesabu ya TRA na ya wakala kabla ya kumtumia Mjapani hata senti, na ahakikishe ile hati ya Japani ya kufutiwa usajili inakuja pamoja na chombo.

Hapa ndipo natofautiana kidogo na mzee na fundi. Nyinyi mnasema mvuto ni kuona tatizo lako limetatuliwa. Mimi RE5 haikutatua tatizo langu lolote, wala la Suzuki wenyewe, na bado nikiiona picha yake, kile kisanduku cha mshale kilichoumbwa kama kopo la maziwa juu ya usukani, siwezi kuipita. Kampuni kubwa kabisa ilikubali kukosea kwa gharama kubwa na kwa unadhifu wa hali ya juu. Hilo nalo linavutia.

Fundi wa Masasi

Dada, kabureta sita nitazipokea, ila nalipwa kwa kila moja.

Nimesahau kumwambia kaka jambo la pwani. Mikindani si Masasi. Chumvi ya bahari inakula spoku pale zinapoingia kwenye rimu, na inakula ekzosi kutoka ndani, hasa ya mapigo mawili ambayo imejaa masizi ya oili yanayoshika unyevu. Gonga ekzosi kwa kucha kuanzia juu hadi chini. Ikibadilika sauti ghafla, pameoza. Ikiwa chuma ni kizima lakini pumzi imeziba, wazee walikuwa wanaichoma kwenye moto wa kuni mpaka masizi yageuke majivu, na njia hiyo bado inafaa. Ndani ya tanki mulika pia. Kama kuna kutu, usiimimine petroli hiyo kwenye kabureta hata kwa majaribio.

Viatu vya breki visikutishe, vinapatikana. Na uvibadilishapo kumbuka kwamba mafuta ya ganda la korosho, haya yanayotuunguza vidole wakati wa kubangua, hutumiwa viwandani kutengeneza gundi na unga wa vitambaa vya breki. Huenda ulichovuna Nanguruwe kimekwisha kurudi kwako mara kadhaa bila kukusalimia.

Mkaa Mikindani

Nawashukuru wote. Nimerudi Chikongola Jumamosi asubuhi nikiwa na tochi, spana, brashi ya waya, na chaki.

Nilianza na namba, kwa sababu maneno ya mzee na ya dada yalinikosesha usingizi. Kadi ipo, na jina ni la huyu anayeuza, amekwisha kubadilisha. Lakini tarakimu ya tano ya fremu kwenye kadi ni 8, na kwenye chuma, shingoni mwa usukani, niliona 3 iliyo wazi kabisa. Nikamwambia mwenyewe kwamba basi, tuiache. Akaenda ndani, akarudi na mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa, akasugua pole pole bila kusema neno. Nikapaka chaki juu yake na kuifuta kwa kidole, chaki ikabaki ndani ya michoro, na ile 3 ikafunga upande wake wa kushoto ikawa 8. Kilikuwa kipande cha rangi nyeusi, ileile iliyoficha DFP.

Ekzosi tuliifungua. Pistoni ina mikwaruzo miwili upande wa mbele, myembamba, ukucha unaihisi kwa shida. Mwenyewe anasema imefika 0.50, na risiti ya aliyeichimba anayo. Gurudumu la magneti halikucheza hata kidogo, nimejaribu mimi, akajaribu yeye, akajaribu na mtoto wake. Kitanki cha oili kilikuwa kikavu, na ndani yake buibui amejenga, kwa hiyo pampu haijafanya kazi siku nyingi. Walikuwa wanachanganya kwa mkono, kama fundi alivyoelekeza, ila hakuna anayekumbuka kwa kipimo gani. Ekzosi imeoza kiganja kimoja, chini, karibu na stendi. Kuhusu moshi sina la kusema, maana hatukuiwasha: nilipomulika tanki niliona kutu nyekundu kama udongo wa Makonde.

Tumeshuka hadi laki sita na nusu, nimetoa laki mbili, na salio ni baada ya kuwaka. Tanki nimeruhusiwa kuja nalo nyumbani. Nimelijaza siki nusu, nikatia na kipande cha cheni, na kila nikipita nalitikisa.

Dada, lile swali langu la mvuto bado sijalimaliza, na nikilimaliza nitaandika. Kwa sasa mke wangu anataka kujua ni nini kinachogongagonga ndani ya tanki, na mimi ninatafuta namna ya kumwambia kwamba ni cheni ya baiskeli yake.